Kushona bila tarehe ya mwisho: kazi za kitambaa katika siku tulivu baada ya Krismasi

Mwanzisha mada

Ndugu zangu mnaopenda kazi za sindano, siku hizi chache kati ya Krismasi na kurudi kazini ndizo ninazozithamini kuliko zote katika mwaka kwa upande wa ushonaji, na ningependa tuzijadili kwa makini kabla hazijatuponyoka. Wiki zote zinazotangulia sikukuu, kila anayejua kushona hukimbizana na tarehe: gauni la mtoto lazima livaliwe siku yenyewe, zawadi zimalizike, kitambaa cha meza kipigwe pindo, na suruali ya ndugu ipunguzwe kiuno. Baada ya tarehe 25 Desemba hakuna anayesubiri chochote. Cherehani iko palepale na mkasi uko palepale, lakini haraka imeondoka, na haraka ikiondoka ushonaji huwa kazi nyingine kabisa.

Hoja yangu ni hii: starehe kubwa ya ushonaji imo katika zile hatua tunazoziruka tukiwa na haraka. Nazungumzia kufua kitambaa kabla ya kukikata, kukinyoosha kifuate nyuzi zake, kushikiza kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kabla ya kushona, kufumua mshono usioridhisha, kupiga pasi kila mshono kabla ya kuanza unaofuata, na kumalizia upande wa ndani wa vazi kwa usafi uleule wa upande wa nje. Wengi huzihesabu hatua hizi kuwa usumbufu unaochelewesha kazi. Mimi naziona ndiyo kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo simshauri mtu atumie siku hizi kuanza vazi kubwa la kuupokea mwaka mpya, kwa kuwa atakuwa amejiwekea tena tarehe ileile aliyotoka kuikimbia. Namshauri achukue kitambaa alicho nacho tayari nyumbani, akitendee haki kuanzia hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni maji. Kitambaa cha pamba husinyaa kwa sababu nyuzi zake huvutwa na kukazwa wakati wa kufumwa na kutengenezwa kiwandani, na zinapolowa na kupata joto huachia, zikarudi katika urefu wake wa asili. Kwa pamba ya kawaida kusinyaa kwa asilimia 3 hadi 5 si jambo la ajabu, na maana yake ni kwamba mita 3 zinaweza kupungua kwa sentimita 9 hadi 15. Gauni lililokatwa kabla ya kitambaa kufuliwa litapungua likiwa tayari limeshonwa, na hapo hakuna fundi anayeweza kulirudisha. Kifue kitambaa kwa namna ileile utakavyolifua vazi lenyewe: kama litafuliwa kwa maji ya moto, basi maji ya moto yatangulie.

Hatua ya pili ndiyo niipendayo zaidi, nayo ni kukinyoosha kitambaa. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda sambamba na kingo zake mbili zisizofumuka, na nyuzi za mshindio zinazozikata zile kwa pembe mraba. Kitambaa kinapotoka dukani mara nyingi hizo nyuzi zimepotoka kidogo, na vazi likikatwa hivyo mguu mmoja wa suruali utajizungusha mwilini kila likifuliwa. Ili kupata mstari wa kweli, piga chale ndogo kwenye ukingo, shika uzi mmoja wa mshindio, uvute polepole huku kitambaa kikijikunja juu yake, mpaka ubaki mwanya mwembamba unaovuka upana wote. Ukate kwa kuufuata mwanya huo. Kisha kikunje kitambaa mara mbili, ukingo juu ya ukingo. Kama pembe hazikutani, kivute kwa mshazari kuanzia pembe iliyo fupi, kidogokidogo, mpaka zikutane. Ukiwa na mgeni anayesubiri nguo yake hutaifanya kazi hii hata siku moja. Katika alasiri isiyo na shughuli huwa inanituliza kuliko kulala.

Yupo pia anayependa kukata hanamu, yaani kukiweka kitambaa katika pembe ya digrii 45 kati ya mtande na mshindio. Kikikatwa hivyo, kitambaa kisichovutika hupata mvutiko, kwa sababu nyuzi zake hujongea na kuachana badala ya kukaza. Madeleine Vionnet, mshonaji wa Paris aliyefungua nyumba yake ya mavazi mwaka 1912, alisifika kwa magauni ya hanamu yaliyoufuata mwili, na alikuwa akiyajaribu mawazo yake kwanza juu ya sanamu ndogo ya mbao kabla ya kukata kitambaa kikubwa. Hilo nalitaja kwa makusudi. Kujaribu kwa kipande kidogo ni kazi ya mtu ambaye hakimbizwi, na siku hizi sote tunaweza kumuiga: kata vazi dogo la majaribio kwa shuka kuukuu, ulitazame linavyoanguka, ulirekebishe, ndipo uguse kitambaa chenyewe.

Kuhusu umalizio wa ndani, naomba mjaribu mshono unaojifunika, ambao wengi huuacha kwa kisingizio cha muda. Tuseme umejiachia nafasi ya mshono, yaani kitambaa kati ya mstari wa mshono na ukingo, ya sentimita 1.5. Weka vipande viwili vitazamane kwa upande wa ndani, yaani nyuso zikiwa nje, ushone kwa milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza masalio yabaki milimita 3, piga pasi, geuza vipande vitazamane kwa nyuso, kisha ushone tena kwa milimita 9. Milimita 6 na milimita 9 zinatimiza sentimita 1.5 uliyoiacha, na kingo zote zenye nyuzi zinazochomoka zinakuwa zimefungiwa ndani ya mshono. Unafaa vitambaa vyepesi. Kwenye kitambaa kizito utakuwa na uvimbe usiopendeza.

Karibuni tuzungumze. Ningependa kusikia kila mmoja anafanya nini na kitambaa siku hizi.

Mchangiaji wa pili

Ahsante kwa mada hii, ndugu mwanzisha mada. Nakubaliana nawe, ila mimi upande wangu ni mabaki. Baada ya msimu wa kushona nguo za sikukuu, kila aliyeshona ana mfuko uliojaa vipande, na vipande hivyo ama hutupwa ama hukaa mpaka vikasahauliwa. Siku hizi ndizo za kuvimwaga vyote mezani na kuvitenga.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuvitenga kwa rangi kwanza. Rangi inapendeza macho, lakini aina ya kitambaa na uzito wake ndivyo vitakavyoamua kama kazi itadumu. Kipande cha poliesta kikishonwa kando ya pamba nyepesi kitaikunja, kwa sababu kimoja kitasinyaa kikifuliwa na kingine hakitasinyaa. Tenga kwanza pamba na pamba, kitani na kitani, kizito na kizito. Rangi ije baadaye ndani ya kila fungu. Kama hujui kipande ni cha nini, chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibano juu ya sahani ya chuma iliyo karibu na maji, uzichome. Pamba huwaka haraka kama karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Sufu huwaka kwa kusitasita, hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha donge linalopondeka. Poliesta hujikunja mbali na moto, huyeyuka, na tone lake likipoa huwa gumu lisilopondeka kwa vidole.

Kwa anayetaka kuunganisha vipande awe na mfarishi, yaani tandiko la vipande vilivyoshonwa pamoja, usahihi wa mshono ni jambo la kwanza na la mwisho. Nafasi ya mshono inayotumika sana katika kazi hiyo ni milimita 6. Ukikata miraba yenye upande wa sentimita 10, kila mmoja utabaki na sentimita 8.8 baada ya kushonwa pande zote. Sasa tuseme unashona milimita 1 tu zaidi ya kipimo: kila mshono utakula milimita 2 za ziada, na safu ya vipande 10, yenye mishono 9, itapungua karibu sentimita 2. Safu inayofuata, kama uliishona kwa uangalifu zaidi, haitalingana na hiyo, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakidhani hawana kipaji. Kumbe wangebandika tu utepe mnene juu ya bamba la cherehani, milimita 6 kutoka kwenye sindano, ukawa ukuta wa kuongozea kitambaa.

Kazi hii ina heshima ya zamani, wala haikuanza kama pambo. Huko Bengali wanawake walitandaza sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzishona pamoja kwa mishono midogo iliyonyooka, wakapata kile kinachoitwa kantha. Japani wakulima na wavuvi walitia kiraka juu ya kiraka kwenye nguo zilizotiwa rangi ya nili, na leo nguo hizo, zinazoitwa boro, huhifadhiwa katika makumbusho. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikaonyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika majumba mengine makubwa. Nikiitazama picha ya mojawapo naona goti la suruali lililopauka likiwa limeachwa lionekane, likafanywa sehemu ya sura ya mfarishi, na nashawishika kwamba aliyelishona alijua barabara alichokuwa akikifanya.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, nasoma kwa hamu lakini nimekwama mapema zaidi yenu. Nimepata cherehani ya zamani kutoka kwa shangazi yangu, nikaamua nitumie likizo hii kujifunza. Kila nikishona, upande wa juu unaonekana vizuri, ila chini ya kitambaa kuna vitanzi vingi vya uzi vilivyosongamana. Nimeikaza na kuilegeza bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, mpaka nimechoka. Je, cherehani imekufa?

Mwanzisha mada

Haijafa, ndugu yangu, na bobini huenda haina hatia. Ngoja nieleze mshono unavyotengenezwa, maana ukishauelewa utaweza kuisoma cherehani yoyote.

Cherehani ya kawaida hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu unaopita kwenye sindano na mmoja wa chini unaotoka kwenye bobini. Tundu la sindano yake liko karibu na ncha, na hicho ndicho kiini cha uvumbuzi wote. Elias Howe wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1846 kwa mashine iliyounganisha sindano ya namna hiyo na uzi wa pili. Sindano inapozama kisha ikaanza kupanda, uzi wake hubaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi chini ya kitambaa. Ndoano inayozunguka hukidaka kitanzi hicho na kukizungusha kwenye bobini, hivyo uzi wa chini ukapita ndani yake. Kisha mkono wa kuvutia uzi hupanda, ukakivuta kitanzi mpaka nyuzi hizo mbili zifungane katikati ya unene wa kitambaa.

Sasa tazama: vitanzi vilivyo chini ni vya uzi wa juu. Vimebaki pale kwa sababu hakuna kilichoukaza uzi wa juu wakati wa kuvutwa. Kwa hiyo tatizo la chini hutafutwa juu, na lililo juu hutafutwa chini. Mara nyingi sababu ni kwamba uzi ulitungwa huku mguu unaobana kitambaa ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi vimefungana, na uzi hupita juu yake badala ya kuingia kati yake. Inua mguu, toa uzi wote, utunge upya tangu mwanzo ukihakikisha umeingia kwenye visahani na kwenye tundu la mkono unaopanda na kushuka, kisha shusha mguu na uuvute uzi kwa kidole: unapaswa kuusikia ukikataa.

Kama bado kuna vitanzi, badilisha sindano. Sindano butu au iliyopinda kidogo huharibu kitanzi kabla ndoano haijakidaka, na wazoefu wengi huibadilisha baada ya saa 8 hivi za kushona. Namba kubwa iliyoandikwa juu yake ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo namba 80 ina unene wa milimita 0.8. Kwa vitambaa vyepesi tumia 70, vya wastani 80, vizito kama jinzi 100, na kwa kitambaa cha fulana tafuta sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Kisha fungua sehemu ya bobini, toa vumbi la nyuzi kwa brashi, na utie tone la mafuta ya cherehani kwenye viungo vya chuma vinavyosuguana, wala usitumie mafuta ya kupikia kwa sababu hugandamana.

Jaribio la mwisho ni hili: weka uzi wa rangi moja juu na wa rangi nyingine chini, ushone kwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili. Ukiona nukta za rangi ya chini zikichungulia juu, legeza mkazo wa juu. Ukiona rangi ya juu ikichungulia chini, ukaze. Geuza nusu hatua kila mara. Na bobini usiiguse mpaka haya yote yameshindikana.

Mchangiaji wa tatu

Nimeinua mguu, nikatunga upya, na vitanzi vimetoweka. Nashukuru sana. Sasa naogopa hata kuuliza nishone nini kwanza.

Mchangiaji wa nne

Naomba kutofautiana kwa heshima na mwanzisha mada. Binafsi nisipokuwa na tarehe sikamilishi chochote. Nina kabati lenye gauni lisilo na mikono, mto usio na zipu na sketi isiyo na pindo, na vyote vilianza katika siku tulivu kama hizi. Kabla ya sikukuu nilishona mashati mawili yakaisha, kwa sababu yalikuwa na wenyewe waliokuwa wakiyasubiri. Je, hiyo haraka unayoilaumu siyo inayotufanya tumalize?

Mwanzisha mada

Hoja yako ni nzito, dada, na siwezi kuipita juujuu. Tarehe humalizisha kazi. Hilo ni kweli na sitalikanusha. Lakini tazama vitu vilivyo kabatini mwako: gauni limekwama kwenye mikono, mto kwenye zipu, sketi kwenye pindo. Kila kimoja kimekwama kwenye hatua ngumu au ya kuchosha, yaani mahali ambapo mtu huogopa kuharibu. Hapo tarehe ingekulazimisha upite kwa namna yoyote ile, na ungepita. Utulivu hukuruhusu upite vizuri. Mkono wa gauni huwa mrefu kuliko tundu la bega kwa makusudi, ili mviringo wake upate kukaa juu ya bega. Ile ziada huingizwa kwa kushona mistari miwili ya mishono mirefu ya milimita 4 hivi juu ya mkono, kuivuta nyuzi zake kidogokidogo mpaka urefu ulingane, kuusambaza ujazo bila kufanya marinda, kushikiza kwa bandi, kuvaa na kutazama kwenye kioo, na ndipo kushona. Ni kazi ya alasiri nzima. Mtu mwenye tarehe ya kesho hawezi kuifanya.

Kwa hiyo pendekezo langu kwako si kuanza kitu kipya bali kulifungua kabati hilo. Chagua kilicho karibu zaidi na mwisho, nadhani ni sketi, upige pindo kwa mkono kwa mshono usioonekana: sindano ikamate uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje, kisha iingie kwenye mkunjo, na uzi usivutwe sana. Kabla ya hapo itundike sketi usiku kucha, hasa kama ilikatwa hanamu, kwa sababu kitambaa cha hanamu hushuka kwa uzito wake na pindo likipigwa mapema halitakuwa sawa.

Mchangiaji wa tano

Sina cherehani kabisa, na nadhani tupo wengi. Je, mazungumzo haya yanatuhusu?

Mchangiaji wa pili

Yanawahusu kuliko wengine wote, ndugu yangu. Sindano zenye tundu, zilizochongwa kwa mifupa, zimetumika kwa takriban miaka 40,000, na cherehani ni ya karne ya 19. Karibu kila nguo iliyovaliwa duniani kabla ya hapo ilishonwa kwa mkono.

Unahitaji mishono miwili tu kuanza. Wa kwanza ni mshono wa kwenda mbele, sindano ikizama na kuibuka kwa nafasi sawa. Unafaa kushikiza, kuvuta marinda na kuunganisha tabaka za kitambaa. Wa pili ni mshono wa kurudi nyuma, ambapo kila baada ya kuibuka sindano hurudi ilikotoka nusu hatua au hatua nzima. Huu una nguvu na unafaa mahali panapovutwa, kama bega au mfuko. Kata uzi usiozidi sentimita 50, kwa maana uzi mrefu hujisokota na kufanya mafundo, tena husuguliwa mara nyingi kwenye tundu la sindano mpaka ukachanika. Ukiupitisha kwenye nta ya nyuki utateleza na kukaa imara. Vaa tondoo, ile kofia ndogo ngumu ya kukinga kidole, kwenye kidole cha kati cha mkono unaoshona. Siku ya kwanza utaiona kero, lakini ukiizoea utasukuma sindano kwenye kitambaa kizito bila kuumia.

Kazi ya kwanza inayofaa ni kutililia soksi au sweta lililotoboka. Weka kitu laini cha mviringo chini ya tundu, kama balbu ya taa isiyotumika. Anza kushona mistari ya mshono wa kwenda mbele sentimita 1 nje ya tundu, kwenye kitambaa kizima, uende sambamba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukifika kwenye tundu, uzi uvuke ukiwa umenyooka bila kukazwa. Huo ndio mtande wako. Kisha geuka, upitishe sindano juu na chini ya nyuzi hizo kwa kupokezana, mstari mmoja juu na unaofuata chini, huku ukiubana kila mstari kwa ncha ya sindano. Huo ni mshindio. Acha kitanzi kidogo kwenye kila kona, kwa sababu uzi wa sufu husinyaa ukifuliwa na usipoacha nafasi utakivuta kitambaa. Utakapomaliza utakuwa umefuma kitambaa kidogo kwa mikono yako mwenyewe, na utaelewa maelezo yote ya mwanzisha mada kuhusu mtande kuliko ambavyo maandishi yangeweza kukueleza.

Mchangiaji wa tano

Nina sweta la buluu lenye tundu kwenye kiwiko, lakini sina uzi unaofanana nalo.

Mchangiaji wa pili

Usiutafute. Chukua uzi wa rangi yoyote uipendayo, mradi uwe wa sufu kama sweta lenyewe na unene wake ukaribiane. Mimi hupendelea kiraka kinachoonekana wazi kuliko kinachojaribu kujificha na kushindwa. Fanya kazi hiyo mchana kando ya dirisha, kwa sababu uzi wa buluu iliyokoza chini ya taa huwezi kuutofautisha na jirani yake.

Mchangiaji wa nne

Nimelifungua kabati. Sketi imetundikwa tangu jana, na upande mmoja umeshuka zaidi ya mwingine kama ulivyosema, kwa hiyo nimepima upya kutoka sakafuni na kupunguza. Swali langu la mwisho: gauni halitaisha kabla ya kurudi kazini. Nilihifadhije lisirudi kuwa lile rundo nisilolielewa?

Mwanzisha mada

Umefanya vyema kupima kutoka sakafuni. Kupima kutoka kiunoni kungekudanganya, kwa kuwa nyonga za mtu hazilingani pande zote. Kuhusu gauni, usisimame mwishoni mwa hatua. Simama katikati ya hatua unayoielewa vizuri, ili siku utakayolichukua tena mkono wako ujue pa kuanzia. Kama mkono mmoja umekwisha kushikizwa kwa bandi na mwingine bado, pale ni mahali pazuri pa kusimama.

Viweke vipande vyote katika mfuko mmoja wa kitambaa, pamoja na roli ya uzi uliotumika, bobini yenye uzi huohuo, na vifungo kama vipo. Ongeza karatasi yenye mambo matatu: namba ya sindano, urefu wa mshono uliokuwa ukiutumia, na hatua inayofuata kwa maneno yako mwenyewe. Alama zote ulizoweka kwa chaki zigeuze kuwa mishono mirefu ya uzi wa rangi tofauti, kwa sababu chaki hufutika kitambaa kikisuguana. Na pini zote zitoe kabla hujafunga mfuko. Zikikaa miezi kwenye kitambaa chenye unyevu hupata kutu, na doa la kutu kwenye pamba nyepesi ni gumu mno kuliondoa. Palipokuwa na pini, pitisha bandi.

Mchangiaji wa nne

Nimetoa pini. Naandika karatasi sasa: sindano 80, mshono milimita 2.5, "mkono wa kushoto, vuta ujazo, jaribu kwenye kioo."